Mweupe Aanze, Mweupe Ashinde

Tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Unakula vizuri? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi sijambo. Presha imetulia tangu Jumatatu, miguu inauma lakini tumeshazoeana. Baba yako mdogo anakusalimu. Salamu zimekwisha, sasa kaa kitako unisikilize. Naandika makusudi, kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Kijitabu chako kimefika. Nilikifungulia kazini, kwenye chumba cha pasi, wakati wa mapumziko, na shuka za wodi mbili zinanisubiri. Nikawaonyesha wenzangu jalada: Hali Mia Ngumu za Kupimia Programu za Sataranji. Nikawaambia, mnaona, huyu mwanangu kazi yake ni kuzitesa kompyuta. Wakacheka, wakapiga makofi. Yule mwenzangu wa mashine ya kukamulia shuka hajui hata farasi anarukaje, lakini alipiga makofi kushinda wote. Nikafunua ukurasa wa kwanza, kicheko kikanikauka mdomoni.

Ile ni michoro ya baba yako! Nimehesabu thelathini na moja kati ya mia. Ulidhani sitaijua? Miaka ishirini na sita nimeishi na mtu anayetengeneza mizani ya watu mchana, na jioni anapanga kete mezani huku mimi nimesimama na sahani mkononi sina pa kuziweka. Ile ya farasi watatu waliobanwa pembeni niliipangusa mchuzi mimi mwenyewe.

Nieleze, daftari ulilichukua lini? Ulikaa hapa siku nne tu baada ya mazishi. Ulisema unaingia chumbani kutafuta koti lako la zamani, na koti hukutoka nalo. Nikasema moyoni, mtoto ana huzuni, mwache. Kumbe mtoto ana mfuko mpana.

Hilo ningelimeza. Kuweka kazi zake bila jina, namba tupu, nalo ningelimeza kwa shida. Lakini namba themanini na nane sitaimeza, itanikaba koo. Umeandika chini yake: "Hali ya asili ilikuwa na kasoro. Mweupe hashindi, ni sare. Imesahihishwa." Na kweli umemsahihisha. Yule askari mweusi wa ukingoni umemsogeza mraba mmoja. Nilipiga ukelele msimamizi akaja mbio akidhani nimeungua.

Unajua ule ni ukurasa gani? Ndio wa mwisho katika daftari. Aliupanga kitandani, kiharusi kimemlaza upande wote wa kulia, neno halitoki, kwa mkono wa kushoto ambao maisha yake yote haukuwahi kushika hata kijiko. Wiki saba! Anaweka kete, anaitazama kutwa, anaitoa. Baba yako mdogo alikuwa anasimama mlangoni anatikisa kichwa: "Shemeji, kaka hayupo tena, huyo anachezea vitu tu." Muuguzi naye hivyo hivyo. Niligombana nao wote. Baba yako mdogo nilimfukuza na kikombe cha chai mkononi, akaenda kukimalizia barabarani. Nilisema mume wangu akili zake zimo zote na ushahidi ni huu ubao.

Alipomaliza alinifanya niandike chini ya mchoro. Kuandika hakuweza, kwa hiyo alikuwa ananionyesha herufi moja moja kwenye gazeti kwa kidole: MWEUPE AANZE, MWEUPE ASHINDE. Kisha akasogeza mfalme mweupe, akamrudisha kona ya upande wa mlango, akanitazama, akagonga ubao mara moja. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Zilizobaki hakunionyesha.

Sasa wewe unaandika "kasoro" na kitabu kisambae. Nataka vitu viwili. Askari arudi alipokuwa, na neno hilo lifutwe. Ukishindwa, ng'oa ukurasa mzima.

Mama yako


Tarehe 19 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini presha bado imetulia, ingawa ukimaliza barua hii ni vizuri uipime tena. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha. Msalimie baba mdogo.

Daftari nililichukua, ndiyo. Sikuiba. Nilichukua kitu cha baba yangu kwenye kabati la baba yangu, kwa sababu hakuna kingine mlichonibakishia. Hata hilo koti mlishaligawa.

Nikueleze kazi yangu, maana naona unadhani nimekaa huku nachafua jina la mzee. Nafanya kazi kwenye chumba kisicho na dirisha. Mashine saba zimepangwa ukutani, feni zinavuma mpaka tunaongea kwa kupayuka. Programu hizi hakuna binadamu anayezifunga siku hizi, hata awe bingwa, kwa hiyo kuzipima kwa mchezo wa kawaida ni kazi bure. Tunazipa hali ngumu kupita kiasi. Hali ambayo hatua ya kushinda inaonekana ya kipumbavu, au programu inajiona imeshashinda kumbe mbele pamezibwa kabisa. Tunaiweka, tunaanzisha saa, tunaandika imechukua muda gani kuona. Za baba ndizo zinaziumiza kuliko zote. Mkuu wangu, tunayemwita Saa Mbovu kwa sababu hajawahi kufika kwa wakati, alizitazama akasema aliyetunga hizi alikuwa na roho mbaya. Hapa kwetu hiyo ni sifa. Na majina hatuweki ya mtu yeyote, siyo ya baba tu. Ni kanuni ya kampuni.

Lakini namba themanini na nane nimezipa mashine zote saba, siku tatu mfululizo, na zote zimesema sare. Mfalme akirudi kona kama alivyotaka mzee, yule askari mweusi wa ukingoni anakimbia chini, hatua nne, anageuka malkia, na mweupe anabaki kumtishia mfalme mweusi huku na huku bila kufika popote. Hakuna fumbo pale. Kuna askari aliyewekwa pabaya. Nikamsogeza mraba mmoja ili angalau hali iwe na maana. Mashine haina chuki na mtu, Mama. Haijui nani alikuwa mgonjwa na nani mzima.

Sasa na mimi niseme langu, kwa kuwa leo ni siku ya kusemana. Tangu Juni mpaka Novemba nilipiga simu kila wiki mbili. "Baba yuko kazini." "Baba anaoga." "Baba amelala, amechoka, leo alikuwa na mizani ya sokoni." Ulikuwa unaniambia hayo umekaa pembeni ya kitanda chake! Nimefika ana siku mbili kaburini. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwetu kiliniumbua mimi, niliyesimama mbele ya udongo mbichi huku majirani wanaulizana huyu mtoto wao alikuwa wapi muda wote huu. Na pale pale ukaniambia, sijasahau hata neno: "Baba yako mwenyewe ndiye aliyekataza usiitwe, na akili yake ilikuwa timamu."

Basi mashine saba zimesema haikuwa timamu. Nisamehe, lakini ndivyo zilivyosema. Na nikwambie ukweli wote: nilipoona "sare" kwenye mashine ya saba, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha. Baba ninayemjua mimi asingekosea askari wa ukingoni, na baba ninayemjua mimi asingekataa kuniona. Aliyekataa ni ugonjwa. Nimekaa na jambo hili miezi yote hii na sasa nimepata pa kuliweka, tafadhali usiniondolee.

Toleo la mwisho linachapwa mwisho wa Mei. Namba themanini na nane itabaki nilivyoiweka.

Mwanao


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo wewe? Na mashine zako saba hazijambo? Presha nimepima kama ulivyoniagiza. Imepanda, ahsante.

Kwanza hilo la simu. Ndiyo, nilidanganya, na nilidanganya kwa amri. Wiki ya pili ya ugonjwa alivuta gazeti akanionyesha herufi, ilituchukua karibu saa nzima: USIMWITE. NIKIPONA NITAMWITA MWENYEWE. Mate yanamtoka, mke anambadilisha nguo, anakula kwa kulishwa. Mtu mwenye haya zake hakutaka mwanawe amwone hivyo. Ulitaka nimvunjie heshima? Alijua anachosema.

La pili. Baba mzazi unamwita mwehu kwa ushahidi wa feni saba. Sawa. Juzi nilitoka kazini nikauweka ubao pale pale ulipokuwa, kwenye kimeza cha kitandani. Mimi kwenye stuli yangu, mahali pake nikaweka mto. Nikapanga kete kwa kufuata mchoro wa kitabuni, yule askari nikamrudisha alipokuwa. Nikasogeza mfalme mweupe kona ya mlango. Halafu nikafuata maneno yako: askari mweusi anakimbia chini. Nikamshika nimkimbize, mkono ukanisimama hewani. Chini ni kwangu! Mimi ndiye mweusi! Huyo askari ametoka kwangu anakwenda kwa baba yako, na wewe unamrudisha nyumbani kwao akavishwe taji. Tangu lini askari wa sataranji akarudi nyuma?

Sikuamini. Nikainuka nikazunguka, nikakaa kitandani juu ya mto, nikautazama ubao kwa upande wake. Ndipo nikaelewa ulichofanya, na laiti ungekuwa karibu ningekufinya sikio mpaka liwe jekundu.

Baba yako alikuwa mweupe kwa sababu ndiye anayetunga. Mimi nilikuwa mbele yake, upande wa weusi, namsogezea kete zilizo mbali na mkono wake. Kuchora hakuweza. Aliyechora ukurasa ule ni mimi, na nilichora nilichokuwa nakiona kutoka kwenye stuli: weusi chini, weupe juu. Nani aliniambia vitabuni wanachora vinginevyo? Mimi kazi yangu ni shuka! Wewe ukaja na macho yako ya kitabuni, ukasema weupe lazima wawe chini, ukaingiza hivyo kwenye mashine. Umezipa ubao uliosimama kwa kichwa, askari wote wanakwenda kinyume. Na kwa ubao huo mashine saba, na Saa Mbovu, na wewe na shahada yako ukutani, mkakaa kikao mkasema mzee amerukwa na akili!

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Nilipomaliza kucheka nikakasirika upya.

Haya, geuza ubao. Zipe mashine zako tena. Na zikisema mweupe anashinda, utaniandikia karatasi kwa mkono wako, siyo kwa kompyuta, kwamba baba yako alikuwa na akili zake zote mpaka Ijumaa ya tarehe 14 Novemba alipoweka kete ya mwisho. Uandike hivyo hivyo, na tarehe uiweke. Nitaibandika kwenye mlango wa baba yako mdogo aisome kila akitoka na kila akiingia.

Mama yako


Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Wiki nne kimya. Kugeuza ubao ni kazi ya kufumba na kufumbua, nimejaribu mwenyewe. Au mashine zimeugua? Naisubiri karatasi yangu, na gundi nimeshanunua.

Mama yako


Tarehe 11 Mei

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo. Mimi nipo.

Uliyosema ni kweli. Daftari zima amechora baba, weupe chini. Ukurasa ule mmoja tu ni mkono wako. Niliona mwandiko umebadilika, nikaona na mistari imepinda, lakini sikujiuliza ulikuwa umekaa upande gani. Ubao ukiuzungusha nusu, ule mraba mweupe wa kona unabaki kulia vile vile, kwa hiyo hakuna cha kukushtua. Mtu yeyote angekosea. Lakini mimi siyo mtu yeyote, nilitakiwa nikujue wewe na nimjue yeye.

Nilikaa na barua yako siku kumi bila kugusa mashine. Sikutaka kujua. Halafu nikageuza.

Mashine sita zikasema sare, nikaanza kupumua. Ya saba, ile kubwa, nayo ikasema sare. Hatua ya mfalme kurudi kona iliiweka ya mwisho kabisa kwenye orodha, chini ya hatua zote za kijinga. Sijui kwa nini sikuizima. Baada ya saa thelathini na moja nilikuwa nimesimama mbele yake natafuna mkate, namba zikabadilika. Mfalme kona. Mweupe anashinda. Nikasema hiyo ni hitilafu, nikaanza upya tangu mwanzo. Saa thelathini, ikarudi pale pale.

Ni hatua arobaini na tatu, Mama. Mfalme anakwenda kona ili hatua ishirini baadaye malkia mweusi akose njia moja ya kumtishia, moja tu, ambayo ingemwokoa. Yule askari wa ukingoni hasogei kamwe, yupo pale kuzuia mraba mmoja. Nilipomsogeza mimi, niliharibu kila kitu. Nikazipa zile sita nyingine njia hiyo hatua kwa hatua, kila moja ikabisha mpaka katikati, kisha ikakubali. Kitu hicho hakipatikani kwa bahati, wala kwa mtu anayechezea vitu. Saa Mbovu alisimama nyuma yangu akauliza nani ametunga hii. Nikamwambia anaitwa Fundi Mizani. Akasema kanuni ipumzike kidogo. Jina litachapwa kwenye zote thelathini na moja, na kasoro imefutwa.

Karatasi yako hii hapa, kwa mkono wangu: Mimi mwanawe nathibitisha kwamba baba yangu alikuwa na akili zake zote mpaka Ijumaa, tarehe 14 Novemba.

Bandika.

Umeshinda, sasa furahi. Akili zake zilikuwa zote, na kwa akili hizo zote hakutaka kuniona. Tangu Juni! Mtu aliyeona hatua arobaini na tatu mbele hakuona kwamba mtoto wake angemfuta mate bila kinyaa? Alinifikiria mtu wa namna gani? Nilikuwa na faraja moja tu, ugonjwa, na wewe umeninyang'anya kwa stuli na mto. Nina hasira naye mpaka meno yananiuma, na hayupo wa kumkasirikia.

Kwa sasa usinipigie simu.

Mwanao


Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Siulizi kwa mazoea, nauliza kweli. Mimi siko sawa. Wiki hii nimeunguza shuka mbili na msimamizi amenihamishia kwenye kukunja.

Karatasi yako sikuibandika. Imo ndani ya kijitabu, na kijitabu nimekiweka juu ya kabati nisikifikie bila kupanda kitu. Wiki tano nimekaa nayo. Maneno yako nayapita, nikifika kwenye tarehe nakwama. Na tarehe hiyo niliidai mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu nilikuwa nashindana na nilitaka nikushinde vizuri.

Jumanne, tarehe 11 Novemba, siku tatu kabla hajaweka kete ya mwisho, baba yako alivuta gazeti. Akaonyesha herufi. M, W, I, T, E. Nikamuuliza, nimwite nani, daktari? Akakunja uso. Akaanza tena. M, T, O, T, O. Halafu akanyoosha kidole kwenye kile kiti cha dirishani, ulichokuwa unakalia mkicheza.

Nilielewa. Nakwambia mwanangu, nilielewa kabla hajamaliza herufi ya pili. Nikajifanya anataka kiti. Nikakisogeza karibu na kitanda, nikaweka nguo zake juu yake, nikamuuliza, hapo sawa? Alinitazama. Hakuonyesha herufi nyingine siku hiyo.

Unataka kujua kwa nini. Kwa sababu miezi mitano nilikuwa nimekwambia anaoga. Amri ilikuwa yake, lakini uongo ulikuwa wangu, na niliujengea vyumba: mizani ya sokoni, usingizi, mafua. Ungekuja ungenikuta mimi ndiye mwongo, siyo yeye, na ungenipigia kelele mbele yake. Niliogopa. Nikasema ngoja apate nafuu kidogo. Nikasema wiki ijayo. Na ili niweze kula na kwenda kazini, nikajiambia maneno ya baba yako mdogo: hajui anachoonyesha, kichwa kimechoka, mtoto gani huyo. Mimi! Niliyemfukuza mtu na kikombe mkononi kwa maneno hayo hayo! Nilimpigania akili zake kwa kila mtu, na siku moja aliyozihitaji nikamnyima.

Ulipoandika kwamba mashine zimesema sare, ningenyamaza. Ningenyamaza tungepona wote wawili, wewe na mimi, tungemtupia ugonjwa yote na kuendelea na maisha. Lakini sikuweza kumwacha aitwe mwehu kitabuni. Nikapigana, nikashinda, na sasa mashine imesema alichokisema Jumanne ile alikisema kwa akili zake zote.

Kwa hiyo usimkasirikie baba yako. Alibadilisha mawazo, akakuita. Kutoka Jumanne ile mpaka alipofariki ni siku kumi na mbili, na wewe safari yako ni siku mbili. Ungemkuta. Ungekaa naye siku kumi, na huenda zile hatua nyingine angekuonyesha wewe.

Hasira yako ilete huku. Mimi nipo.

Mama yako


Tarehe 2 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tano tangu ile ya Juni. Simu yako inaita mpaka inakatika, kwa hiyo najua unaiona.

Kitabu kilichochapwa kimefika. Jina la Fundi Mizani limo, nimelihesabu mara thelathini na moja. Bahasha imeandikwa kwa mkono wako, nikaifungua kwa kisu nisiichane. Nikakikung'uta kitabu, nikapitisha ukurasa mmoja mmoja nikitafuta hata kikaratasi. Hamna.

Baba yako mdogo nimemweleza yote. Amesusa, hapiti tena kwangu, na amefanya vizuri.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba unitukane. Kaa chini uchukue kalamu uniandikie neno baya kuliko yote unayoyajua, moja tu, bila salamu. Nitalisoma nimesimama, na nitakujibu.

Mama yako